Risasi Mia Mbili za Arvella

Huku Kijito cha Caney, milimani mashariki mwa Kentucky, mtu akinunua bastola mpya ya kujilinda haanzi kuivaa kiunoni hivi hivi. Huipeleka kwanza kwa Arvella Ratliff aijaribu kwa kupiga risasi mia mbili. Inapigwa kama ilivyotoka kiwandani, haifutwi, haitiwi mafuta. Ikikwama mara moja, hesabu inaanza upya kutoka moja. Ikikwama mara tatu, inarudi dukani na mwenyewe ajipange upya. Ikimaliza mia mbili bila kigugumizi, Arvella huchukua penseli ya seremala akaandika jina lake na tarehe ndani ya kifuniko cha boksi, na siku mwenyewe akitaka kuiuza au kuibadilisha, bastola hiyo itapanda bei. Wanaume wa huku wamezaliwa na ubishi, watabishana na mchungaji na watabishana na hakimu, lakini jina hilo la penseli sijawahi kusikia mtu akilibishia.

Mwenye jina alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, mfupi, mkavu, aliyeendesha basi la shule miaka ishirini na tisa kwenye barabara ambazo mbuzi angezifikiria mara mbili. Mumewe, Clovis, alikuwa mchimba makaa, na vumbi la makaa ndilo lililommaliza kifua. Kulenga shabaha Arvella alifundishwa na baba yake akiwa na miaka sita. Alikuwa na maringo, tusidanganyane. Alipenda watu wakisogea kumpisha pale uwanjani, na alipenda kusema kwamba katika miaka kumi na tisa hajawahi kupitisha bastola iliyokuja kumsaliti mwenyewe. Na ilikuwa kweli. Nyumba nyingi za bonde hili zimelala usingizi kwa sababu ya neno lake, pamoja na yangu.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, mchana, aliletewa nyingine. Uwanja wetu wa shabaha uko juu, kwenye ubapa ulioachwa na kampuni ya makaa ilipokata kichwa cha mlima ikaondoka zake. Upande mmoja ni ukuta wa udongo unaomeza risasi, upande mwingine meza za mbao chini ya bati. Msimamizi ni Denver Castle, mzee wa kofia nyekundu, ambaye kazi yake ni kupiga kelele: akisema mstari una moto, watu wanapiga, akisema mstari umepoa, kila mtu anaweka chini na kuondoa mikono.

Aliyeileta bastola ni Tosha Maynard, muuguzi anayezunguka mabondeni kutibu wagonjwa majumbani. Alikuja na sare yake ya kazini, amebeba boksi ndani ya mfuko wa duka la vyakula.

"Tosha, umetuletea chakula?" Denver alimchokoza. "Maana huyu bibi tangu asubuhi ananilisha mdomo tu."

"Ungekuwa na akili ungeshiba," Arvella akamjibu bila kugeuka. "Lete nione, mwanangu."

Tosha hakucheka. Kila mtu alijua kwa nini. Mumewe wa zamani, Rondal, alikuwa jela ya wilaya kwa miezi minne. Mahakama ilimkataza kukanyaga kwa Tosha, naye alikwenda mara mbili, na mara ya pili aliingia kwa kuvunja mlango wa jikoni vipande vipande. Ijumaa saa kumi jioni walikuwa wanamfungulia. Kituo cha polisi kiko dakika arobaini kutoka nyumbani kwa Tosha, barabara ikiwa kavu.

Arvella alifungua boksi. Alihakikisha bastola ni tupu, akaipapasa tena ndani kwa kidole kama alivyofundishwa, kisha akaipima mkononi. Ilikuwa ndogo ya milimita tisa, ya kubeba risasi kumi, kutoka kampuni ambayo haijazoeleka huku. Mshiko ulikuwa na vijipele kama msasa, akaupenda. Nukta nyeupe ya mbele ilionekana vizuri hata bila miwani. Kifyatulio kilisafiri kidogo, kikagota, kisha kikaachia safi. Kilichomuudhi ni ile sehemu ya juu, ambayo ilikuwa ngumu kuvuta nyuma, na magazini, kile kikasha cha risasi, iliyolipiga vita dole gumba lake mpaka risasi ya kumi ikaingia.

"Mpya zote ziko hivyo," alisema. "Zinalegea na kazi. Mimi mpaka sasa naipenda."

Denver akatangaza mstari una moto. Arvella akasimama yadi saba kutoka kwenye shabaha, akapiga kumi za kwanza taratibu, na matundu yote kumi ungeweza kuyafunika kwa kisosi. Tosha alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu afike.

Kwenye risasi ya kumi na nne bastola ikanyamaza. Ganda tupu lilikuwa limebanwa kwenye mlango wa kutokea maganda, nusu ndani nusu nje, limesimama wima. Arvella akagonga chini ya magazini, akavuta juu, ganda likaanguka.

"Moja," akasema Denver. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

Wakaanza upya. Ilifika ishirini na tatu, ikakwama vile vile. Wakaanza upya tena, na safari hii haikumaliza hata magazini moja. Kwenye ya tisa ganda lilisimama tena. Arvella aliitoa magazini, akaitua bastola mezani, mdomo wake ukitazama ukuta wa udongo, akavua vizuia sauti masikioni.

"Irudishe," alisema.

"Bi Arvella, dukani wameniambia ikirudi inapelekwa kiwandani. Wiki tatu. Na nyingine ya bei hii hawana." Tosha aliongea kwa utulivu, kama anavyoongea na jamaa za wagonjwa. "Ijumaa ni keshokutwa."

"Najua Ijumaa ni lini."

"Basi haiwezi hata kidogo? Hata kwa wiki hizo tatu tu?"

"Nisikilize. Ukiwa mikono mitupu, ukisikia gari lake utatokea mlango wa nyuma na kukimbilia kwa jirani. Ukiwa na hii, utasimama umsubiri. Halafu itanyamaza kama ilivyoninyamazia mimi. Nenda ukalale kwa dada yako."

"Dada yangu ana watoto watatu. Nimpelekee Rondal kule?"

Tosha akarudisha bastola kwenye boksi, boksi kwenye mfuko, akashukuru, kwa sababu huku watu hushukuru hata wakikatwa mguu, akaondoka ili awahi duka kabla ya kufungwa saa kumi na moja.

Baada ya hapo Arvella aliinama kuokota maganda yake. Wapigaji wa huku hawaachi maganda chini. Hujazwa upya nyumbani, na mtu asiyeokota anaonekana hana malezi. Alikwenda mahali anapookotaga siku zote, nyuma kulia, hatua tatu kutoka mezani. Hapakuwa na kitu. Aliangalia huku na huku akidhani Denver amemtangulia. Kisha akayaona. Yalikuwa yamelala chini ya meza yenyewe, kando ya viatu vyake. Mawili yalikuwa mezani. Moja alilikuta kwenye mfuko wa koti lake.

Akakaa kwenye benchi.

Bastola ya namna ile hujilisha yenyewe kwa teke lake. Risasi ikitoka, sehemu ya juu inarudi nyuma kwa nguvu, inarusha ganda mbali, inachukua risasi nyingine. Lakini ili irudi mpaka mwisho, mkono ulioshika lazima usimame imara kama ukuta. Kifundo cha mkono kikikubali kusukumwa, nguvu inapotelea humo, ganda linakosa kurushwa, linaanguka miguuni au linabanwa mlangoni. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Arvella alikuwa amewaambia wageni mamia kwa mamia, tena kwa kejeli: bastola ni nzima, mkono wako ndio uji. Hakuwahi kufikiri kwamba uji utamfika yeye, kwa sababu matundu yake kwenye karatasi yalikuwa bado yanaingia kwenye kisosi. Jicho lilikuwa zima na kidole kilikuwa kizima, na alikuwa amevitazama hivyo viwili akasahau cha tatu.

Alikunja kifundo, akakikunjua. Asubuhi zile birika lilikuwa likimshinda, naye akalaumu birika.

"Denver."

"Naam."

"Maganda yangu siku hizi yanaangukia wapi?"

Denver alivua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba ameandikiwa jibu humo. "Miguuni," alisema. "Tangu Aprili."

"Bastola ya Estill, ile niliyoirudisha mwezi wa tano?"

"Nzima, nadhani."

"Na ya yule mwalimu?"

"Hiyo niliipiga mwenyewe ulipokwenda kula. Nzima."

Arvella alihisi uso ukimwaka moto. "Na wewe ukakaa kimya."

"Ningekuambiaje, Arvella? Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kushika hivi vitu."

"Ungesema, Arvella, mkono wako umelegea. Maneno manne."

"Nilikuonea haya."

"Na huyu binti je? Rondal akimkuta hana kitu, utamwonea haya ukiwa umevaa suti ya mazishi?"

Nampenda Denver, ni mtu mwema, lakini wema wake siku ile ulikuwa karibu kumuua mtu, na yeye mwenyewe aliliona hilo pale pale. Macho yalimjaa machozi. Arvella hakuwa na nafasi ya kumbembeleza. Milimani kwetu simu haishiki mpaka ufike barabara kuu, na saa ilikuwa kumi na robo. Aliingia kwenye gari lake akashuka mlima.

Mwendo ule ni wa nusu saa. Njiani alikuwa na muda wa kutosha wa kujitafutia njia ya kutokea, na njia ilikuwepo, tena pana. Angesema ni risasi. Kila mtu huku husema ni risasi. Boksi bovu la risasi limebeba dhambi za watu wengi. Angemwambia Tosha abadilishe risasi, ajaribu mwenyewe, bastola ingefanya kazi, na hakuna ambaye angejua chochote. Tosha angekuwa salama. Jina la penseli lingebaki jina. Alilizungusha wazo hilo kichwani kona baada ya kona, na kila alipolizungusha lilizidi kupendeza.

Alimkuta Tosha mbele ya kaunta. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikuwa anajaza fomu ya kiwandani. Nyuma ya Tosha palikuwa na wanaume watatu kwenye foleni, na mmoja wao alikuwa na bastola kiunoni ambayo Arvella aliipitisha mwaka juzi. Walimpisha, kama kawaida. Mmoja akagusa kofia.

"Afadhali umekuja, Bi Arvella," muuzaji akasema. "Hapa wanataka maelezo ya kosa. Niandike nini?"

"Ri—" Arvella akaanza, na ule uongo mtamu ukawa umeshafika kwenye meno. Aliwaza: Tosha atabadilisha risasi, atapona. Na wiki ijayo atakuja mwingine na boksi lake, na mkono huu huu utaishika bastola yake.

"Usiandike kitu. Bastola haina kosa," alisema kwa ile sauti yake ya basi, iliyofika mpaka kiti cha nyuma. "Mkono wangu ndio mbovu. Umelegea. Nimeirudisha nzima, na mwaka huu nimeshazirudisha nyingine mbili nzima. Ya Estill na ya mwalimu."

Yule mwenye bastola aliyoipitisha akaangalia chini, akaishika ile yake kama mtu aliyesikia habari mbaya juu ya ndugu.

"Yako ni ya mwaka juzi, Harlis," Arvella akamwambia. "Wakati ule nilikuwa mzima. Lakini ukitaka amani ya roho, kaipige mwenyewe."

"Si lazima, Bi Arvella," Harlis akasema, akitafuta pa kuweka macho.

"Ni lazima," akamjibu. Kisha akamgeukia Tosha. "Nisamehe, mwanangu. Kesho saa nne, uwanjani. Utazipiga wewe. Mimi nitahesabu."

Alhamisi Tosha aliomba ruhusa kazini. Arvella alileta risasi zake mwenyewe, akamwonyesha pa kuweka dole gumba, pa kukaza, jinsi ya kuegemea mbele kidogo kama anayesukuma mlango, halafu akarudi nyuma hatua mbili na kujizuia kumgusa. Tosha hakuwa hodari wa shabaha. Matundu yake yalitapakaa kwenye karatasi, mengine yalitoka nje kabisa. Lakini ile ni mikono inayoinua wazee wazima kutoka vitandani kila siku ya Mungu. Maganda yaliruka nyuma kulia, hatua tatu, moja baada ya jingine, na Arvella akahesabu kwa sauti. Kwenye hamsini Denver alisogea karibu. Kwenye mia Tosha alipumzisha mikono, akanywa maji. Kwenye mia na tisini hakuna aliyepumua sawasawa.

"Mia mbili," Arvella akasema. "Safi."

Tosha alitua bastola mezani, akajifuta uso kwa mkono wa sare. Denver akamletea Arvella ile penseli yake kwa mazoea, na Arvella akampa Tosha, akamwambia aandike jina la aliyezipiga. Tosha aliandika la kwake kwa herufi ndogo za kwenye vyeti vya dawa. Kisha akainua macho na kumtazama Arvella kiunoni.

"Na hiyo yako, Bi Arvella? Si unakaa peke yako kule juu?"

Denver akakohoa. Swali lile alikuwa nalo tangu Aprili, na yeye Arvella usiku kucha alikuwa amewaza bastola za watu wote isipokuwa hiyo moja. Alisogea mezani akaitoa. Alikuwa ameivaa miaka kumi na tisa, tangu wiki aliyozikwa Clovis, na mara ya mwisho kuipiga hakuikumbuka, maana siku zote alikuwa na za wengine za kupiga.

"Hesabu wewe," akamwambia Tosha.

"Moja," Tosha akasema. "Mbili. Tatu."

Ya nne ilitoka, na ganda lake likasimama mlangoni.

Arvella aliliondoa, akaitoa magazini, akaitua bastola mezani wazi na tupu, na hakuirudisha kiunoni. "Miezi yote hii," alisema, "nimelala na chuma tupu chini ya mto, nikiwafundisha wengine usalama." Uchungu ulikuwa wazi usoni mwake na hakujisumbua kuuficha. Denver akasema polepole kwamba zipo bastola za gurudumu, zile zisizotegemea kifundo, na kwamba anaweza kumtafutia moja. Arvella akamwambia ahsante, atafikiri.

Denver akatangaza mstari umepoa, ingawa walikuwa wao watatu tu, na wanawake wawili wakatembea kwenda kubandua karatasi za Tosha. Nusu ya njia Tosha akasimama.

"Kesho njoo kwangu. Nitabandika maharage, nitaoka mkate wa mahindi."

"Usinionee huruma, mwanangu. Nimeonewa huruma ya kutosha tangu Aprili."

"Sikuonei." Ile sauti ya utulivu, ya jamaa za wagonjwa, ilikuwa imemtoka kabisa. "Bastola inafanya kazi. Mikono inafanya kazi. Na bado naogopa, Bi Arvella. Naogopa mpaka natapika asubuhi. Sitaki kukaa peke yangu jikoni nikisikiliza magari."

Arvella aliutazama mkono wake wa kulia, kisha akautia mfukoni.

"Wanamfungulia saa kumi?"

"Saa kumi."

"Nitafika saa nane," akasema.